Mabano sita ya Chongoleani: uchambuzi wa kisa kimoja katika mwaka wa Shule Kuu ya Uhusiano wa Kimataifa

Taarifa ya mwaka ya shule kuu moja ya uhusiano wa kimataifa ina kurasa 14. Kurasa za mwanzo zimejaa mambo ya kupigiwa makofi: mabalozi wanne waliokuja kutoa mihadhara, hati tano za makubaliano na vyuo vya nje, wahitimu 61, timu iliyoshiriki mashindano ya kuigiza vikao vya Umoja wa Mataifa. Ukurasa wa 11, chini ya "Mengineyo", kuna mistari miwili: wanafunzi 28 walifanya ziara ya mafunzo ya siku nne Tanga kuhusu bomba la mafuta ghafi litokalo Hoima, Uganda.

Uchambuzi huu unahusu mistari hiyo miwili. Shule, wanafunzi na idadi yao ni vya mfano, vimetungwa kwa ajili ya kufundishia. Bomba, mikataba, sheria na hesabu zake ni za kweli. Tunachodai ni kwamba kazi ya Tanga ndiyo iliyokuwa fanikio kubwa la mwaka ule, na imefichwa kwa sababu walioandika taarifa walihesabu matukio badala ya kuangalia kijana anatoka akiwa anaweza kufanya nini. Hati ya makubaliano huhesabiwa siku ya kutiwa saini, na mara nyingi hakuna anayeihesabu tena. Tangu Tanzania na Msumbiji zilipoanzisha Chuo cha Diplomasia pale Kurasini mwaka 1978, kazi ya kufundisha wanadiplomasia wetu imekuwa ni kumtoa mtu anayeweza kukaa mezani na kutetea maslahi ya nchi kwa maandishi.

Kwa nini Tanga

Uganda iligundua mafuta yenye faida kibiashara kandokando ya Ziwa Albert mwaka 2006. Nchi haina bahari. Agosti 2015 Uganda na Kenya zilikubaliana juu ya njia ya kaskazini mwa Kenya hadi Lamu. Miezi minane baadaye, tarehe 23 Aprili 2016 jijini Kampala, ikatangazwa kwamba bomba litakwenda Tanga. Mkataba wa serikali za Uganda na Tanzania ukasainiwa tarehe 26 Mei 2017, jiwe la msingi likawekwa Chongoleani, pwani ya Tanga ambako bomba linaishia, tarehe 5 Agosti 2017, mkataba wa Tanzania kama nchi mwenyeji na kampuni ya bomba ukafuata Mei 2021, na uamuzi wa mwisho wa uwekezaji ukatolewa tarehe 1 Februari 2022.

Mwanafunzi akisoma mfululizo huo haraka ataona bahati. Akiusoma taratibu ataona mwaka mmoja wa kazi nzito, kati ya Aprili 2016 na Mei 2017, ambapo tangazo la kisiasa liligeuzwa kuwa maandishi yanayofunga nchi. Mwaka huo ndio uliochaguliwa uwe zoezi. Tanga ilifaa kwa sababu bandari ipo, Chongoleani inafikika kwa gari kutoka mjini, na hoja zilizoifanya Tanga ishinde zinaonekana kwa macho: bandari inayofanya kazi, njia yenye usalama, na mfumo wa ardhi ambamo ardhi yote ni ya umma chini ya Rais kama mdhamini, kwa mujibu wa sheria za ardhi za 1999. Hoja hii ya mwisho wengi huipita. Kwa mwekezaji ina maana ya kuongea na serikali moja kuhusu njia ya kilomita 1,147 upande wa Tanzania, kati ya kilomita 1,443 za bomba zima, katika mikoa minane kuanzia Kagera hadi Tanga.

Maandalizi

Wiki sita kabla ya safari wanafunzi waligawanywa: ujumbe wa Uganda saba, wa Tanzania saba, wa wawekezaji watano, wa vijiji na wavuvi watano, na sekretarieti ya watu wanne. Kila ujumbe ulipewa jalada lisilozidi kurasa 40 na hati ya mamlaka ya ukurasa mmoja yenye mambo matatu tu: tunachotaka, tunachoweza kukubali, na mstari ambao haturuhusiwi kuuvuka bila kurudi kwa waliotutuma. Hati ya mamlaka haionyeshwi kwa ujumbe mwingine. Barua za kuomba kuingia maeneo ya mradi na barua ya ofisi ya mkoa zilipelekwa wiki hiyohiyo ya kwanza. Shule inayongoja wiki mbili za mwisho huishia kutazama uzio.

Muundo wa wawekezaji uliwekwa kama ulivyo: TotalEnergies asilimia 62, kampuni ya taifa ya mafuta ya Uganda asilimia 15, TPDC, shirika la mafuta la taifa la Tanzania, asilimia 15, na CNOOC ya China asilimia 8. Hapa palihitaji uangalifu, kwa kuwa Tanzania inakaa pande mbili za meza. Ni serikali inayotoza na kusimamia, na papo hapo ni mwanahisa kupitia TPDC. Mwanafunzi asiyetenganisha kofia hizo mbili atajadiliana na nafsi yake hadi jioni.

Kanuni ya uandishi ilikuwa moja: rasimu ni moja, iko kwenye kompyuta moja, anayeigusa ni mtu mmoja wa sekretarieti. Neno lolote lisilokubaliwa linawekwa kwenye mabano pamoja na jina la ujumbe uliolileta. Mabano hayafutwi mpaka pande zote ziseme ndiyo kwa sauti. Rasimu ya kuanzia ilikuwa na mabano 31.

Duru ya kwanza: haki ambayo haikuwepo

Ujumbe wa Uganda ulifungua kwa kishindo. Nchi isiyo na bahari, ulisema, ina haki ya kufika baharini na uhuru wa kupita katika nchi jirani, kwa mujibu wa Sehemu ya Kumi ya Mkataba wa Sheria ya Bahari wa 1982. Tanzania iliridhia mkataba huo mwaka 1985 na Uganda mwaka 1990. Basi bomba lipite, kilichobaki ni bei.

Ujumbe wa Tanzania ulibabaika, ukaanza kurudi nyuma katika mambo ambayo hayakuwa na sababu ya kurudiwa nyuma. Dakika 40 zilipotea. Aliyeokoa jahazi ni mwandishi wa sekretarieti, kwa kusoma ibara ya 124 yenyewe badala ya muhtasari. Haki ya kupita inahusu vyombo vya usafiri, na ibara inavitaja: mabehewa ya reli, vyombo vya baharini, ziwani na mitoni, magari ya barabarani, hata wapagazi na wanyama wa mizigo pale mazingira yanapolazimu. Mabomba hayamo. Fungu la pili la ibara hiyohiyo linasema nchi husika zinaweza kuyaingiza kwa makubaliano kati yao. Lori la Kampala lina mlango ulio wazi tayari; bomba la Hoima linabisha hodi. Ndiyo maana mkataba wa 2017 ulihitajika.

Kosa hili lina chanzo kinachojulikana. Jalada lilikuwa na muhtasari wa Sehemu ya Kumi wa nusu ukurasa, ukisema "haki ya kupita" bila kutaja vyombo. Ibara zote kuanzia 124 hadi 132 hazizidi kurasa chache. Tangu hapo jalada hubeba maandishi kamili, na muhtasari umetolewa kabisa.

Duru ya kwanza ilileta pia kosa la upande wa pili. Tanzania, ikiisha kugundua nguvu yake, ilidai ushuru wa dola tano kwa kila pipa linalovuka mpaka. Dai lilipokelewa kwa shangwe kwenye meza yao. Hakuna aliyekuwa amepiga hesabu.

Hesabu ilichukua kwamba bomba linapitisha mapipa 216,000 kwa siku. Tozo ya kusafirisha iliyotangazwa ni dola 12.77 kwa pipa, yaani kama dola milioni 2.76 kwa siku, zinazopita kidogo bilioni moja kwa mwaka. Fedha hiyo ndiyo inayolipa mikopo, uendeshaji na wanahisa. Ukiongeza dola tano juu yake unachukua dola milioni 1.08 kila siku, zaidi ya milioni 394 kwa mwaka, kutoka katika thamani ya mafuta pale kisimani. Bei ya soko ikiwa dola 60, mafuta ya Hoima yanabaki na dola 47.23 kabla hata ya gharama za kuyachimba. Kwa ushuru huo yanabaki na 42.23. Mwekezaji mwenye mlango wa pili anaondoka, na Aprili 2016 mlango wa pili ulikuwapo, unaitwa Lamu. Isitoshe, ibara ya 127 ya mkataba uleule inakataza kutoza mizigo inayopita isipokuwa malipo ya huduma maalumu, kwa hiyo jirani angekuwa na hoja mkononi. Dola tano zikaondolewa, na nafasi yake ikachukuliwa na hisa za TPDC, kodi za kawaida na ada za bandari.

Bomba linavyoamuru mkataba

Siku ya pili Tanzania ilileta kifungu cha kuruhusu kusimamisha upitishaji kwa siku 30 pakitokea mgogoro. Kwenye karatasi kinaonekana kama rungu zuri. Mashine ikawakatalia.

Mafuta ya Ziwa Albert yana nta nyingi. Kwa joto la kawaida huganda, kwa hiyo bomba la inchi 24 limevikwa kizuia joto, limewekewa nyaya za kulipasha kwa umeme, na mafuta husafiri yakiwa na joto la nyuzi 50 au zaidi. Kwa hesabu ya darasani, bomba lote likijaa lina takriban mapipa milioni mbili na nusu ndani yake, na pipa linalotoka Hoima leo linafika Chongoleani baada ya siku kama 11 na nusu. Matangi ya Chongoleani yanabeba mapipa milioni mbili. Gawanya kwa 216,000: ni siku tisa na saa chache. Meli ikishindwa kufunga gatini kwa siku kumi, kwa upepo, ajali au amri ya serikali, matangi yamejaa, bomba linasimama, na kazi inayobaki ni kuweka joto ndani ya kilomita 1,443 ili mafuta yasigeuke nta.

Rungu la siku 30, kwa hiyo, linampiga aliyelishika: kampuni inayoumia ina hisa zake, na umeme wa kupasha joto unaendelea kulipiwa. Ujumbe ukabadilisha kifungu: siku saba za taarifa, kisha kupunguza msukumo badala ya kusimamisha, na kusimamisha kabisa kuwe kwa hatari ya maisha au mazingira tu. Hiki ndicho kifungu bora kilichoandikwa katika siku zote nne, na kiliandikwa na watu walioingia darasani wakijua siasa bila kujua nyuzi joto.

Neno moja, fidia tatu

Kikwazo kikubwa hakikutoka kwenye sheria ya kimataifa. Kilitoka kwenye Kiswahili chetu wenyewe.

Rasimu iliandaliwa kwa Kiingereza. Ujumbe wa vijiji uliomba iandikwe pia kwa Kiswahili, na ombi lilikuwa na uzito: Jumuiya ya Afrika Mashariki iliifanya lugha hii kuwa lugha rasmi mwaka 2021, na Umoja wa Afrika ukaipokea kama lugha ya kazi mwaka 2022. Sekretarieti ikatafsiri usiku kucha. Asubuhi sentensi "fidia italipwa ndani ya siku 90" ilikuwa imejitokeza katika vifungu vitatu, na pande zote zikakubali kwa furaha. Mabano matatu yakafutwa. Saa mbili baadaye ikaonekana kwamba kila upande ulikuwa umekubali kitu chake.

Fidia ya kwanza ni ya ardhi. Hii ina sheria yake ndani ya nchi na haisubiri mkataba: fidia kamili, ya haki na kwa wakati. Kanuni za 2001 zinataja vipengele vyake. Mbali na thamani ya ardhi na maendelezo, kuna posho ya usumbufu, posho ya makazi inayohesabiwa kwa kodi ya pango ya miezi 36, hasara ya biashara inayohesabiwa kwa faida halisi ya mwezi mara 36, na posho ya usafiri ya kuhamisha tani 12 za mizigo ndani ya kilomita 20. Mnazi, mkorosho na mhogo kila kimoja kina thamani yake kwenye fomu. Uthamini nao una umri: ukipita miaka miwili tangu kuidhinishwa lazima urudiwe. Ujumbe wa vijiji uliposoma "siku 90" ulisikia hii.

Fidia ya pili ni ya madhara, mafuta yakimwagika. Hapa siku 90 hazina maana mpaka useme zinaanza lini. Tangu kumwagika? Tangu kugundulika? Tangu kamati kuthibitisha nani kasababisha? Mikoko iliyofunikwa na mafuta hufa polepole, na hasara ya mvuvi wa kamba huonekana msimu unaofuata. Ujumbe wa Uganda ulisikia hii, ukidhani inamhusu msafirishaji peke yake.

Fidia ya tatu ni ya mwekezaji, serikali ikibadilisha sheria na kumpunguzia faida. Wawekezaji walisikia hii, na walikuwa na haki ya kufurahi, maana hakuna hazina inayoweza kulipa dai kama hilo ndani ya siku 90. Hoja yenyewe si ya kubuni: Julai 2017, wiki chache baada ya mkataba wa serikali mbili kusainiwa, Bunge la Tanzania lilipitisha sheria za umiliki wa rasilimali na za kupitia upya mikataba yenye masharti hasi, na mwaka 2021 ikatungwa sheria mahsusi kwa ajili ya bomba hili.

Kurekebisha kulichukua alasiri nzima. Neno "fidia" likaachwa kwa ardhi na maendelezo yake tu. Kwa uchafuzi wakaandika "malipo ya madhara", na siku zikahesabiwa kuanzia taarifa ya kwanza ya kumwagika, na malipo ya dharura yakitangulia kabla ya lawama kuamuliwa. Kwa mwekezaji wakaandika "kurejesha uwiano wa kiuchumi", bila idadi ya siku, kwa majadiliano kwanza. Mabano matatu yakarudi, yakageuka tisa, kisha yakapungua. Mwalimu anayeona mabano yakiongezeka asiogope. Mara nyingi ni dalili kwamba watu wameanza kusoma.

Wavuvi ambao mkataba hauwaoni

Muundo wa kwanza uliwapa vijiji kiti mezani. Ulikuwa wa huruma lakini si wa kweli, maana mkataba wa serikali mbili hauna kiti cha kijiji. Siku ya pili waliondolewa mezani na kupewa kazi ngumu zaidi: kuishawishi serikali yao kabla haijaingia chumbani. Tanzania iliwapa dakika 15. Matokeo yalikuwa kifungu kinachozuia chombo chochote kukaribia gati la mafuta, bila neno hata moja kuhusu ngalawa.

Kanuni za fidia ya ardhi hazimsaidii mvuvi. Hana hati ya bahari, hana mkorosho juu ya mwamba. Anachopoteza ni njia: akizunguka eneo la usalama anachoma petroli zaidi au anapiga tanga kwa saa moja zaidi, na samaki wanafika mnadani wamechoka. Mwanamke anayetafuta pweza kwenye miamba wakati wa bamvua, siku ambazo bahari hujaa na kutoka sana, hana hata chombo cha kuandikishwa. Pwani hii ya Tanga, kuanzia kaskazini mwa mdomo wa Pangani hadi Mafuriko, ina Hifadhi ya Bahari ya Silikanti, yenye jina la samaki wa kale, iliyoanzishwa 2009, kwa hiyo maeneo ya kuvua yana mipaka mingine tayari. Ukiongeza mpaka mmoja bila kuhesabu iliyopo, unambana mtu yuleyule mara ya pili.

Siku ya tatu mkutano wa ndani ukapewa saa mbili. Tanzania ikarudi mezani na pendekezo lenye vipimo: eneo la usalama liwe kubwa meli ikiwa gatini na dogo gati likiwa tupu, na ratiba za meli zibandikwe dikoni, pale wavuvi wanaposhushia samaki, saa 48 kabla. Wawekezaji wakakataa sehemu ya pili kwa sababu za ulinzi. Mabano yakabaki.

Kosa moja la maandalizi lilichangia udhaifu huu. Siku ya kwanza, siku ya kutazama, iliangukia maji mafu, ambapo bahari haitoki mbali. Bahari ilikuwa imejaa hadi karibu na mikoko na wanafunzi wakaona maji matupu. Kwenye bamvua maji yakitoka, miamba na mafungu ya mchanga huachwa wazi, watu wanatembea mbali kwa miguu, na yeyote anaelewa bila kuambiwa kwamba pale ni shamba.

Yaliyobaki

Alasiri ya siku ya nne rasimu ilitiwa herufi za majina ikiwa na mabano sita: ukubwa wa eneo la usalama na ratiba za meli, nani alipe usafishaji kabla ya lawama kuamuliwa, kama sheria mpya za afya na mazingira ziguse uwiano wa mwekezaji, usuluhishi ufanyike wapi, mfuko wa kung'oa bomba mwisho wa uhai wake uanze kuchangiwa mwaka gani, na kama maandishi ya Kiswahili yawe na nguvu sawa na ya Kiingereza. Bano la sita lilikataliwa na wawekezaji peke yao, na baada ya mkasa wa fidia mtu hawezi kuwashangaa. Kuandika mkataba katika lugha mbili zenye nguvu sawa kunadai kamusi ya mkataba iandikwe kwanza, na hakuna ujumbe uliokuwa umeleta.

Amidi aliyesoma rasimu ile aliagiza ukurasa wa 11 uandikwe upya na uhamie wa kwanza. Maneno yaliyoingia ni haya: "Wanafunzi 28 waliandika rasimu ya mkataba wa upitishaji mafuta kwa Kiswahili na Kiingereza. Ilianza na mabano 31, ikaisha na sita. Mabano sita yameambatishwa pamoja na sababu za kila upande. Kundi lijalo litaanzia hapo, likiwa na kamusi ya maneno yake, na litafika Chongoleani siku ya pili baada ya mwezi mpevu, asubuhi, maji yakiwa yametoka."